Nyumba Iliyoachwa na Karatasi Zake

(Maneno haya yalisemwa redioni katika kipindi cha ibada ya asubuhi. Masomo: Yeremia 32:6–15 na 2 Wafalme 4:1–7.)

 

Asubuhi hii twataka kuzungumza juu ya jambo ambalo halitajwi sana mimbarani. Tumezoea kuhubiri kwenye arusi, na tumezoea kuhubiri kwenye matanga. Lakini kati ya arusi na matanga kuna mambo mengine yanayozipata nyumba za Wakristo, na moja ni hili: mmoja wa wale wawili amekusanya nguo zake, akaondoka. Pengine ni bwana aliyekwenda kupanga chumba katika mtaa mwingine. Pengine ni bibi aliyerudi kwao. Mtu akifa, majirani huja na sukari na majani ya chai, wakakaa na wafiwa. Mtu akiondoka namna hii hakuna anayekuja, maana hakuna ajuaye la kusema. Lakini mwisho wa mwezi haukosi kuja. Mwenye nyumba ataka kodi yake, stima yataka kulipwa, na karani wa shule ametuma ujumbe juu ya karo.

Nani alikosa, na kwa nini aliondoka, si neno letu la leo. Hayo yana wakati wake, nasi wachungaji huyashughulikia mlango ukiwa umefungwa. Leo twazungumza juu ya karatasi. Wengine watasema, "Karatasi ni mambo ya serikali na mawakili, mchungaji atuhubirie Neno." Basi tulifungue Neno, tuone kama halina karatasi ndani yake.

Katika parishi moja alikuwako mama mwenye hoteli ndogo karibu na stendi ya magari, akiuza chai, mandazi na githeri. Bwanake alikuwa ameondoka miezi miwili. Hoteli ile ilikuwa jasho la mama; yeye ndiye aliyeamka saa kumi za usiku kukanda unga. Lakini walipoianza, bwana ndiye aliyekwenda mjini kuandikisha, basi leseni ya kaunti ilikuwa kwa jina la bwana. Nambari ya till ya kupokelea pesa za wateja ilikuwa kwa jina la bwana. Hata laini ya simu aliyoitumia mama ilisajiliwa kwa kitambulisho cha bwana, kwa kuwa siku ile walipoinunua cha mama kilikuwa kimepotea. Kwa hiyo mteja alikunywa chai ya mama, akalipa kwa simu, na pesa zikaingia katika simu ya mtu aliye upande mwingine wa mji. Siku nyingine alizirudisha, siku nyingine alikaa nazo. Tena leseni ilikuwa karibu kuisha, na askari wa kaunti walikuwa wamekwisha kupita mara moja wakiuliza mwenye jina hili yuko wapi.

Tulimwambia mama aende ofisini aandikishe leseni kwa jina lake mwenyewe. Alinyamaza kitambo, kisha akatuuliza, "Mchungaji, nikilitoa jina lake, si nitakuwa nimefunga mlango? Akisikia, atasema nimemfukuza."

Wapenzi, swali hilo si dogo, na mama yule si peke yake. Wako wengi wanaoliacha jina la aliyeondoka juu ya kila karatasi, kama mtu aachavyo taa ikiwaka usiku kwa ajili ya msafiri. Waogopa kwamba siku watakapolifuta, tumaini nalo litafutika. Tena wako ndugu na majirani wanaowatia hofu hiyo, wakisema, "Ukishaanza mambo ya ofisi, ndoa imekwisha."

Sasa tumtazame Yeremia. Mji wa Yerusalemu umezungukwa na jeshi la Babeli. Nabii mwenyewe yumo kifungoni, katika uwanja wa walinzi. Yeye ndiye aliyewaambia watu kwamba mji utatekwa, na hakubadili neno. Wakati huo huo anakuja Hanameli, mwana wa ami yake, kumwuzia shamba lililoko Anathothi. Bwana alimwambia Yeremia alinunue, naye akalinunua. Angaliweza kutoa fedha na kupeana mkono. Hakufanya hivyo. Alipima shekeli 17 za fedha katika mizani. Aliandika hati, akaitia muhuri, akaita mashahidi watie sahihi. Ziliandikwa hati mbili, moja iliyofungwa kwa muhuri na moja iliyo wazi, na zote alimpa Baruku mwana wa Neria mbele ya watu waliokaa uwanjani, akamwagiza azitie katika chombo cha udongo zipate kukaa siku nyingi.

Twaomba mwangalie neno hilo. Nabii aliyejua kwamba shamba lile litakanyagwa na maadui hakuona kwamba kuandika vizuri ni kukata tamaa. Aliandika vizuri kwa sababu alitumaini. Aliyekata tamaa hana haja na hati wala muhuri, hutupa mikono tu. Aliye na tumaini huweka mambo yake katika hali ambayo mtu akirudi baada ya miaka atayakuta yanasomeka.

Kwa hiyo mama wa hoteli tulimjibu hivi: jina lililo kwenye leseni si ndoa. Ndoa iliyofungwa kanisani haivunjwi na karani wa kaunti, wala na ofisi ya maji. Hata sheria ya nchi yetu, ile Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014, haisemi kwamba ndoa imekwisha kwa kuwa mmoja amehama au bili imebadilishwa jina. Ndoa kama hiyo yavunjwa na mahakama. Bwana akirudi kesho, ni heri akute hoteli ina leseni na moshi watoka, kuliko akute imefungwa kwa kufuli la kaunti. Na asiporudi, watoto wamekula.

Tena kuna jambo la kweli na uongo. Leseni isemayo kwamba hoteli hii yaendeshwa na fulani, na fulani hayupo wala hakanyagi hapo, haisemi kweli. Mkristo hana budi kupenda kweli hata katika vitu vidogo vya ofisi, ijapokuwa kweli hiyo yauma kuitazama. Twajua kwamba yauma. Kusimama kwenye foleni na kumwambia karani kijana, ambaye hata hakutazami usoni, kwamba bwana hakai tena nyumbani, si kazi ndogo.

Somo letu la pili lahusu mjane mmoja, mke wa mmoja wa wana wa manabii. Bwanake alimcha Mungu, lakini aliacha deni, na mwenye kumwia anakuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Anamlilia Elisha. Twaona kwamba Elisha hakuanza na hotuba. Alimwuliza maswali mawili: akufanyie nini, na una nini ndani ya nyumba. Mwanamke alidhani hana kitu, kumbe anayo chupa ya mafuta. Baadaye, mafuta yalipojaza vyombo vyote, nabii alimpa utaratibu: auze, alipe deni lake, ndipo yeye na wanawe waishi kwa yaliyosalia. Muujiza ulikuja, lakini deni halikusahauliwa kwa sababu ya muujiza.

Swali lile la nini kiko ndani ya nyumba ndilo twalileta kwenu asubuhi hii. Nunua daftari, hata la kurasa 32. Keti jioni watoto wakilala, utoe kila karatasi iliyomo kabatini, chini ya godoro, na katika ule mkoba wa zamani ulio juu ya dari. Andika kila moja: ni ya nini, ina jina la nani, inaisha lini, na deni lake ni kiasi gani. Usiku wa kwanza usifanye zaidi ya hapo. Wengi huugua kwa deni wasilolijua ukubwa wake, na wakishaliandika huliona lina mwisho.

Mkataba wa nyumba ya kupanga huja mbele ya vyote. Kodi ikichelewa, sheria yampa mwenye nyumba nafasi ya kumtuma dalali akamate vyombo, na dalali akifika mlangoni haulizi ni nani aliyenunua meko na ni nani aliyetoa kochi kwao. Kwa hiyo usimfiche mwenye nyumba wala keateka. Nenda kwake ukamwambie, "Baba watoto amehama, mimi nabaki na watoto, kodi nitalipa mimi kuanzia tarehe hii." Mwombe aandike mkataba kwa jina lako, na dipoziti iliyolipwa siku ile mlipoingia itajwe humo ni ya nani. Ukiona kodi ni kubwa kuliko nguvu zako, sema mapema, uhamie nyumba ndogo kwa notisi, wala usingoje malimbikizo ya miezi minne. Hakuna aibu kuhamia chumba kimoja. Bwana wetu hakuwa na hata hicho.

Stima na maji hufuata. Mita ya tokeni hudanganya watu, kwa sababu mtu yeyote aweza kununua tokeni na taa ikawaka, hivyo hakuna anayekumbuka akaunti ina jina la nani. Lakini kama akaunti ina deni la zamani, sehemu ya pesa zako hukatwa kila ununuapo, na siku laini ikikatika ofisi itamtafuta yule ambaye jina lake limeandikwa. Chukua kitambulisho na barua ya mwenye nyumba, ukaulize yanayotakiwa ili akaunti iwe yako. Ya maji ni vivyo hivyo, isipokuwa pale ambapo mita ni ya ploti nzima na malipo ni kwa mwenye nyumba.

Juu ya simu twataka kukaa kidogo, maana humo ndimo pesa za watu wetu zinamolala siku hizi. M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, ni wachache waliowaza kwamba laini ya simu ingekuwa benki ya jamaa nzima. Sasa fikiri: laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mwingine, pamoja na pesa zilizomo, kampuni huihesabu kuwa ya yule mwenye kitambulisho. Aweza kusema imepotea akapewa nyingine, na wewe simu yako ikanyamaza saa ile ile. Vilevile mkopo wa Fuliza au M-Shwari uliochukuliwa kwa laini iliyo kwa jina lako utadaiwa kwako, hata kama ni mwenzako aliyeishika simu. Bonyeza *106# uone ni laini zipi zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Iliyo yako ibaki yako. Isiyo yako mpe mwenyewe. Na kama una duka au hoteli, till iandikishwe kwa jina la yule anayeamka saa kumi.

Lakini neno hili lakata pande zote mbili. Dada, kama bwana aliondoka akasahau kadi yake ya benki, nawe wajua nambari ya siri, usiende kutoa pesa usiku ukisema ni za watoto. Pesa za watoto ziko njia zake za kuzidai, nasi tutakuja kuzitaja. Amri ya nane haikuandikiwa watu wenye ndoa njema peke yao.

Leseni nazo ni nyingi kuliko watu wanavyodhani. Wazee watakumbuka wakati ambapo hata baiskeli ilikuwa na leseni yake. Siku hizi mwenye hoteli ahitaji leseni ya kaunti, tena kila anayeshika chakula ahitaji cheti cha afya, ambacho hupimiwa upya kila miezi sita. Kama wewe na mwenzako mlipimwa pamoja, chako hakikuondoka naye, lakini angalia tarehe.

Gari na pikipiki zina jambo zito. Sheria ya barabara yamhesabu yule ambaye jina lake limeandikwa katika logbook kuwa ndiye mwenye gari, mpaka ithibitishwe vingine. Twajua nyumba moja ambapo mke alichukua mkopo wa pikipiki kwa jina lake, bwana akaiendesha bodaboda, na alipoondoka aliondoka nayo. Mkopo ukabaki nyumbani, pikipiki ikawa barabarani bila bima. Kila simu ilipolia usiku, mama alidhani ni polisi. Jambo kama hilo halimalizwi kwa kuomba tu. Yafaa wakutane mbele ya watu wazima wawili, iandikwe ni nani atalipa mkopo, na huyo ndiye aandikishwe NTSA, bima ikakatwe kabla ya chombo kurudi barabarani.

Mkopo wa Sacco pia una mtego wake. Kama ulimdhamini mwenzako, au yeye alikudhamini, kuhama nyumba hakuondoi dhamana. Akiacha kulipa, akiba yako itaguswa. Nenda ofisi ya Sacco mapema ukaulize salio ni kiasi gani na kama mdhamini mwingine aweza kukubaliwa. Usiende kwa ugomvi. Karani wa Sacco hakumwoa mtu. Na akaunti ya benki ya watu wawili, ambayo kila mmoja aweza kutoa peke yake, iandikiwe barua ili sahihi zote mbili zitakiwe mpaka mtakapopatana.

Ya kodi ya mapato ni mafupi. Kila mwenye PIN ya KRA atakiwa kuwasilisha ripoti yake kufikia tarehe 30 Juni, hata kama hakupata kitu mwaka ule, na asiyewasilisha hutozwa faini ya shilingi 2,000 au zaidi. Dada zetu wengi walifunguliwa PIN na bwana zao huko saiba, na neno la siri hawalijui. Nenda ulibadilishe. Na matibabu: tangu tarehe 1 Oktoba 2024 tumo katika SHA, wala si NHIF tena. Hakikisha kwamba wewe na watoto mmeandikwa na mchango unalipwa, kabla ya homa, wala si usiku wa homa.

Twataka sasa kusema na wewe uliyeondoka, maana redio yafika hata katika chumba ulichopanga.

Katika Mwanzo sura ya 21 twasoma kwamba Ibrahimu aliamka asubuhi akampa Hajiri mkate na kiriba cha maji, akamweka njiani pamoja na kijana. Ibrahimu alikuwa mtu tajiri wa kondoo na ng'ombe, na ule mkate na maji haukufika mbali. Maji yalikwisha, na mama akamlaza mtoto chini ya kijiti ili asimwone akifa. Mungu aliisikia sauti ya kijana. Ndugu, Mungu angali akisikia sauti za watoto, na huenda leo asubuhi anaisikia ya mtoto wako aliyerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 yawapa wazazi wote wawili wajibu wa mtoto, wawe wanakaa pamoja au hapana. Wewe hukumwacha mtoto. Basi usifanye kama uliyemwacha. Anayetaka matunzo ya watoto aweza kwenda kwa ofisa wa watoto, na mahakama ya watoto ipo. Lakini ingekuwa vizuri kama nini, kama baba Mkristo angetuma kabla ya kuitwa!

Usizifanye karatasi kuwa silaha. Tumeona mabwana waliokata stima kwa kupiga simu moja, watoto wakasomea mshumaa wakati wa mtihani. Tumeona mabibi walioficha vyeti vya shule vya bwana na logbook ya gari chini ya unga, ili aje apige magoti. Ugomvi wa namna hiyo haumrudishi mtu nyumbani. Humfundisha tu kuchukia. Mrudishie mwenzako vyeti vyake. Mpe neno la siri la akaunti iliyo yake. Na deni ulilolifanya wewe, liandike kwa mkono wako. Paulo, alipomtetea Onesimo kwa Filemoni, hakusema tu kwamba mambo yatakuwa sawa. Alisema kwamba kama kuna deni liwe juu yake, naye atalipa, akaliandika kwa mkono wake mwenyewe. Mkono wako utakuwa mzito kuandika hivyo. Wa Paulo ulikuwa katika minyororo.

Juu ya nyumba na shamba twatoa onyo moja. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 yakataza mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila mwenzake kukubali, maadamu ndoa ipo. Wala hakuna ruhusa ya kumfukuza mwenzako katika nyumba hiyo pasipo amri ya mahakama. Sheria hiyo yahesabu kuwa mchango si fedha tu, bali kupika, kulea na kulima pia. Na madeni yaliyofanywa kwa faida ya ndoa ni ya wote wawili. Wako wanaodhani kwamba kila kitu hukatwa nusu kwa nusu. Mahakama Kuu zaidi ya nchi, katika hukumu ya Januari 2023, ilisema kwamba nusu kwa nusu haiji yenyewe, bali kila mmoja huonyesha mchango wake. Kwa hiyo risiti zile za mabati na saruji usiwashie moto. Ukifikia hapo tafuta wakili, na asiye na fedha za wakili aulizie Huduma ya Taifa ya Msaada wa Kisheria, au FIDA kwa akina mama.

Na kwa bwana aliyeachwa. Huyu husahauliwa sana, kwa sababu hadhaniwi kuwa na shida. Bibi akiondoka, bwana hugundua kwamba hajui muuza maziwa hulipwa siku gani, wala jina lake katika daftari la dukani limeandikwa shilingi ngapi, wala msichana wa kazi ana mshahara wa miezi mingapi mikononi mwa watu. Twakusihi, ndugu, anza na huyo msichana wa kazi. Yakobo asema kwamba ujira uliozuiliwa hupiga kelele, na kelele hizo zimeingia masikioni mwa Bwana. Usimwambie, "Mama ndiye aliyekuandika, mfuate yeye." Alipika katika nyumba yako. Mlipe, kisha nenda dukani ukaulize daftari.

Ninyi washirika wenzetu, mna sehemu yenu. Mwenzenu akipatwa na haya, msije jioni kumi na wawili mkitaka kusikia habari yote tangu mwanzo. Waje wawili, na mmoja awe anajua kusoma barua za ofisi. Umoja wa Akina Mama waweza kukaa na watoto asubuhi moja ili mama aende mjini akapange foleni. Wazee wa kanisa waweza kuwa mashahidi wa maandishi ya wale wawili, kama walivyotia sahihi mashahidi wa Yeremia, bila kugeuka waamuzi. Watie sahihi, wapige nakala mbili, kila mmoja achukue yake, kisha wanyamaze. Mzee asiyeweza kunyamaza asiitwe. Na fedha za msaada zikichangwa, zilipe bili yenyewe kwa jina lake, risiti ipewe mwenye nyumba ile. Michango isisomwe majina yake kanisani Jumapili.

Twajua kwamba miongoni mwenu mko mnaotusikiliza na karatasi ziko mezani hivi sasa, na hamkujua mwanze wapi. Anza na ile ambayo tarehe yake i karibu.

Tuombe.

Ee Mungu Baba yetu, uliyemwona Hajiri jangwani na kuujua mlango wa yule mjane, waone wale ambao asubuhi hii wamefungua kabati na kukuta jina la mtu asiyekuwapo. Uwape nguvu za kusimama kwenye foleni na maneno ya kusema wakifika dirishani. Uwape makarani moyo wa upole. Waliohama uwakumbushe watoto wao kabla mwezi haujaisha, na mikono iliyoficha vyeti vya watu uifungue. Wanaongoja mwenzao arudi, ungoje pamoja nao. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.